Siku za mwizi ni arobaini, za picha ni chache: safari ya kamera ya nyumbani hadi mbele ya korti

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mwizi wa usiku alizoea kuogopa vitu vitatu: mbwa, sentinele na kelele za majirani. Nyumba ikivamiwa, filimbi inalia, masufuria yanagongwa na avenyu nzima inaamka. Miaka ya karibuni kimeongezeka kitu cha nne: kamera ndogo iliyofungwa juu ya mlango wa duka, wa depo ao wa nyumba ya kukaa, mara nyingi ikitumia nguvu ya jua na kadi ya kumbukumbu yenye ukubwa wa ukucha.

Asubuhi, picha za tukio zinazunguka kwenye WhatsApp kabla hata mwenye nyumba hajafika polisi. Wakaaji wanamwona mtu akiruka ukuta, akivunja kufuli, akitoka na televisheni kichwani. Wengi wanaamini kesi imekwisha: mwizi ameonekana, kumebaki kumkamata tu. Mbele ya jaji mambo ni tofauti. Historia ya picha hizi, tangu Ulaya na Marekani hadi Bunia na Bukavu, inaonyesha jambo moja: picha haijawahi kumhukumu mtu peke yake. Kila mara ilihitaji mtu wa kuisemea: ilitoka wapi, ilichukuliwa saa ngapi, nani aliitunza, na inaonyesha nini kweli. Pale mtu huyo alipokosekana, picha ilibaki hadithi ya mtaani tu, ao ilimwangukia asiye na kosa.

Nyumba ilivyoanza kusema

Kabla ya kamera, kesi ya kuvunja nyumba ilikuwa ngumu kuliko nyingi. Mwizi wa sokoni anaonekana na watu. Mwizi wa nyumba anachagua giza, na saa ambayo wenyeji wamelala ao hawapo. Korti ilimpata kwa njia chache: akamatwe palepale, akutwe na mali, mtu amtambue, ao akiri mwenyewe. Mali iliuzwa upesi. Aliyeamshwa usiku hakuona vizuri. Na kukiri, katika nchi nyingi, kulipatikana kwa fimbo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa kitu kidogo. Mwaka 1902, katika kartie ya Denmark Hill mjini London, mwizi aliingia katika nyumba na kuiba mipira ya mchezo wa biliadi. Alipopita dirishani aligusa mbao iliyokuwa imepakwa rangi hivi karibuni, akaacha alama ya kidole gumba cha kushoto. Polisi mmoja aliiona, akaipiga picha, kisha akailinganisha na alama zilizohifadhiwa za watu waliowahi kufungwa. Mtu akapatikana, na akahukumiwa kifungo cha miaka 7. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza Uingereza iliyotegemea alama ya kidole, na ilikuwa kesi ya kuvunja nyumba.

Watu wanaikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya kidole, lakini kidole hakikuwa peke yake. Kulikuwa na polisi aliyeweza kusema aliikuta alama wapi. Kulikuwa na picha yake. Kulikuwa na mwendesha mashtaka aliyewaeleza wazee wa baraza, hatua kwa hatua, kwa nini alama ile ni ya mtu yule na si ya mwingine. Nyumba ilisema, lakini ilihitaji mkalimani.

Shahidi asiyekuwa na mdomo

Wakati huo picha za kawaida zilikuwa zimekwisha kuingia katika korti, lakini kwa sharti. Shahidi aliyeona tukio ao mahali pa tukio alionyeshwa picha na kuulizwa kama ndivyo alivyoona. Akisema ndiyo, picha ilipokelewa kama msaada wa maneno yake. Bila shahidi, picha haikuwa na nguvu. Shida ikazuka baadaye: kama mashine ndiyo iliyoona na hakuna mtu mwingine aliyekuwa anatazama, nani atasema ndiyo?

Mwezi wa nne 1957, katika mji wa Cleveland, Marekani, watu walivamia tawi la taasisi ya akiba bila kujua kwamba kamera ya filamu ilikuwa imefichwa ndani siku chache tu kabla. Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni, na upesi wahusika walikuwa mikononi mwa polisi. Kwa mara ya kwanza wananchi wa kawaida waliona uhalifu wa kweli, si wa sinema, wakiwa wamekaa nyumbani mwao. Tangu hapo mabanki yakaanza kununua kamera.

Swali la korti lilijibiwa miaka minne baadaye, na lilijibiwa katika kesi ndogo ya kimaskini. Katika jimbo la Washington, hundi iliibwa katika sanduku la barua na kubadilishwa kuwa pesa katika duka la chakula. Duka hilo lilikuwa na mashine iitwayo Regiscope, yenye macho mawili: moja lilipiga picha ya hundi, lingine lilipiga picha ya mtu aliyeileta, vyote viwili kwa wakati mmoja kwenye filamu moja. Muuzaji wa duka hakumkumbuka mteja yule. Alihudumia watu wengi mno. Lakini aliweza kusema mambo mengine: kwamba mahali panapoonekana katika picha ni ndani ya duka lao, na kwamba hundi ile ilipita mikononi mwake. Mtu mwingine alieleza jinsi mashine inavyofanya kazi na filamu inavyosafishwa. Mwaka 1961 Korti Kuu ya jimbo hilo ilikubali kwamba hiyo inatosha kwa picha kupokelewa.

Tangu hapo wanasheria wa Marekani walizoea kuiita picha ya namna hiyo shahidi anyamazaye. Si lazima mtu awe aliona tukio lenyewe. Ni lazima mtu awepo wa kusema mashine ilikuwa wapi, ilifanya kazi vizuri, na picha haikuguswa. Kila video ya nyumbani inayofika mbele ya jaji leo inapita katika mlango huohuo.

Muuguzi aliyechoka kungoja polisi

Kamera iliingia katika nyumba ya kukaa kwa mkono wa mwanamke. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi Mmarekani mweusi aliyeishi Jamaica, sehemu ya Queens katika mji wa New York. Kazi yake ilikuwa na saa zisizotabirika, na mume wake Albert, fundi wa vyombo vya umeme, naye alikuwa na zamu zake. Mara nyingi mmoja alibaki peke yake usiku. Uhalifu ulikuwa umepanda, na polisi walioitwa walichelewa kufika. Kwa mkaaji wa Goma, Butembo ao Bukavu, maelezo hayo hayahitaji ufafanuzi.

Mwaka 1966 mama huyo na mume wake waliomba hati ya ugunduzi wao. Walipewa tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1969. Mlango ulitobolewa matundu manne kwa urefu tofauti, ili kumwona mtu mrefu, mfupi na hata mtoto. Kamera ilipanda na kushuka kutoka tundu moja hadi lingine. Picha ilionekana kwenye televisheni chumbani, na mwenye nyumba aliweza kuzungumza na aliye nje kupitia kipaza sauti. Kulikuwa na kitufe cha kufungua mlango kutoka mbali kama aliyekuja ni rafiki, na kingine cha kuomba msaada kama si rafiki.

Shabaha ya kwanza ya Marie haikuwa korti. Alitaka kujua nani yuko mlangoni kabla ya kugusa kufuli. Mtambo wake ulikuwa mkubwa na wa bei, na haukuenea katika nyumba za watu wakati ule. Lakini wazo la mtu wa kawaida kuwa na jicho lake mwenyewe mlangoni, bila kungoja serikali, lilitoka kwake, na wagunduzi wengi waliokuja baada yake walitaja hati yake katika hati zao.

Kanda zinazofutwa

Kilichokosekana kilikuwa njia rahisi ya kuhifadhi. Ilikuja kutoka Japani: kanda za Betamax mwaka 1975 na za VHS mwaka 1976. Sasa duka ao nyumba ya tajiri iliweza kurekodi usiku kucha. Lakini kanda ilikuwa ghali, kwa hiyo ilirudiwa juu ya ileile, wiki baada ya wiki, mpaka picha ikawa kama inaonekana kupitia mvua. Wengi waligundua wizi wakati kanda ya usiku ule ilikuwa tayari imefunikwa na usiku mwingine.

Kesi iliyobadilisha mawazo ya Uingereza haikuwa ya wizi. Mwezi wa pili 1993, huko Bootle karibu na Liverpool, kamera za jengo la maduka zilionyesha mtoto wa miaka miwili akiongozwa kwa mkono na vijana wawili. Mtoto huyo aliuawa. Picha zilikuwa hafifu kiasi kwamba wale wawili walidhaniwa kuwa wakubwa, kumbe walikuwa na miaka 10 tu. Ni baada ya picha kuonyeshwa kwenye televisheni ndipo mwanamke mmoja aliyemfahamu mmoja wao alipomtambua. Kisha rangi iliyokutwa kwenye nguo na alama za viatu vikajenga kesi. Serikali ya Uingereza ikamwaga pesa katika kamera za barabarani. Wengi walikumbuka kwamba kamera ilisaidia. Wachache walikumbuka kwamba kamera peke yake ilikuwa imewapotosha watu kuhusu umri.

Kuanzia miaka ya 2000 kanda ikaondoka, ikaja diski, kadi na intaneti. Mwaka 2018 kampuni ya Amazon ilinunua kampuni ya Ring, inayotengeneza kengele za mlango zenye kamera, kwa bei iliyokadiriwa kuwa karibu dola bilioni 1. Viwanda vya China vikashusha bei mpaka kamera ikafika katika maduka ya simu ya miji ya Kongo. Lakini tabia ya kanda ya zamani haikufa. Kadi ikijaa, kamera inaandika juu ya picha za zamani bila kumwuliza mtu. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Kamera nyingi za nyumbani hazitunzi picha hata siku kumi na tano.

Uso unaofanana na mwingine

Hatari kubwa ya picha ni imani ambayo watu wanaipa. Mwezi wa kwanza 2020, katika eneo la Detroit, Marekani, polisi walimkamata baba mmoja mbele ya mke na watoto wake wawili. Alishtakiwa kuiba saa katika duka mwaka 2018. Ushahidi ulikuwa video ya kamera ya duka, yenye picha isiyo wazi. Kompyuta ilitafuta uso unaofanana katika picha za leseni za udereva ikamtoa yeye. Kisha mlinzi ambaye hakuwa dukani siku ile alionyeshwa video na picha kadhaa, akamchagua. Mtu huyo alikaa kizuizini karibu saa 30. Alipoonyeshwa picha ya mwizi aliiweka kando ya uso wake ili polisi wajionee wenyewe kwamba si yeye. Mashtaka yalifutwa, na mwaka 2024 mji wa Detroit ulifikia mapatano naye ya kulipa fidia na kubadili kanuni za polisi.

Detroit ina maabara, mawakili na magazeti. Katika kartie ya mashariki mwa Kongo, kompyuta inayolinganisha nyuso ni kundi la WhatsApp. Mtu anaandika chini ya video kwamba huyu ni kijana wa kambini, mwingine anaongeza jina, wa tatu anatuma picha yake. Familia zilizohama makao kwa sababu ya vita zinajua uzito wa jambo hilo. Mgeni asiye na ukoo katika avenyu ndiye anayetajwa wa kwanza kila kitu kinapopotea. Hana jirani wa miaka ishirini wa kusema alilala wapi usiku ule.

Tena kamera za usiku zina siri ambayo wengi hawaijui. Zinaona kwa mwanga usioonekana kwa macho ya mtu. Katika mwanga huo shati jeusi linaweza kutokea jeupe ao la kijivu, na uso ukawa bapa usio na alama. Kusema kwamba mtu ni mwizi kwa sababu ana koti linalofanana na la video ya saa nane ya usiku ni kujenga nyumba juu ya maji.

Lakini kamera hiyohiyo inaweza kumwokoa anayesingiziwa. Video inayoonyesha mtu mrefu anayetembea kwa kuchechemea inamwondoa kijana mfupi mwenye miguu mizima. Kamera ya duka jirani inaweza kuonyesha kwamba mshukiwa alikuwa anauza karanga upande mwingine wa mji saa ileile. Kwa hiyo mtunzaji mwaminifu wa picha anamtumikia pia yule anayetuhumiwa bure.

Kongo inaujua uzito wa picha

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Kesi ya kwanza iliyohukumiwa na Korti ya Kimataifa ya Jinai, huko La Haye, ilihusu Ituri, na video zilikuwa katikati yake. Mojawapo ilirekodiwa tarehe 12 mwezi wa pili 2003 katika kambi ya Rwampara karibu na Bunia, ikimwonyesha Thomas Lubanga akizungumza na wapiganaji ambao kati yao walikuwemo watoto. Upande wa utetezi ulisema umri wa mtu haujulikani kwa kumtazama kwenye video. Majaji hawakulipuuza neno hilo. Waliamua kuzitegemea picha pale tu ambapo mtoto alionekana bila shaka yoyote kuwa chini ya miaka 15, na waliacha nafasi pana ya makosa. Mtu aliyejua jinsi video zilivyorekodiwa alikuja kuzieleza. Lubanga alikutwa na hatia tarehe 14 mwezi wa tatu 2012 na kuhukumiwa miaka 14.

Mwezi wa tisa 2018, korti ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la FDLR kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliofanyika mwaka 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, Kivu ya Kusini. Miongoni mwa vithibitisho zilikuwemo picha zilizopigwa kwa simu yenye programu maalumu inayoitwa eyeWitness. Programu hiyo inaandika yenyewe mahali, tarehe na saa, na inaweka alama ya kuonyesha kama picha iliguswa baadaye. Yaani ilijengwa ili kujibu maswali yaleyale ambayo muuzaji wa duka la chakula aliulizwa mwaka 1961.

Kama majaji walichukua tahadhari hiyo kwa uhalifu mkubwa namna ile, wizi wa televisheni hauwezi kupita njia ya mkato.

Sheria ya Kongo inasema nini

Sheria ya jinai ya Kongo, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, inatofautisha wizi na wizi. Wizi wa kawaida bila nguvu wala vitisho unaadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 5. Lakini kifungu cha 81 kinapandisha kikomo hadi miaka 10 kama mwizi alivunja, aliruka ukuta, alitumia funguo za bandia, ao aliiba usiku katika nyumba inayokaliwa. Wizi wa kutumia silaha una kifungu chake, chenye adhabu ya kifo.

Hapo ndipo video inapokuwa na faida ambayo wengi hawaifikirii. Hata kama uso hauonekani, picha inaweza kuonyesha kwamba ilikuwa usiku, kwamba kufuli lilivunjwa, kwamba waliruka ukuta, walikuwa wangapi na walishika nini mkononi. Mambo hayo ndiyo yanayobadilisha jina la kosa na uzito wa adhabu. Jaji wa jinai nchini Kongo ana uhuru wa kupima kila ushahidi, na video ni kimoja kati ya vitu atakavyopima, pamoja na prose verbali ya OPJ, mashahidi na mali iliyokutwa. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 nayo inahusu ushahidi wa kielektroniki, na wakati huohuo inalinda habari za mtu binafsi.

Katiba ya 2006 inaongeza mipaka miwili. Kila mtuhumiwa anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Na kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Kamera inayotazama mlango wa mwenyewe ni ulinzi. Inayotazama bafu la jirani ni kosa lingine. Mwezi wa kumi 2021, korti moja ya Oxford, Uingereza, ilimpa ushindi mwanamke aliyelalamikia kamera za jirani yake. Jirani alisema aliziweka kwa sababu ya wezi wa gari. Jaji alisema ulinzi wa gari haukumpa haki ya kunasa sauti za watu na mazungumzo yao mbali na nyumba yake.

Kutoka ukutani hadi kwa OPJ

Historia hiyo yote inaweza kukusanywa katika mambo machache ya kufanya, hata kwa mtu mwenye kamera moja ya bei nafuu.

La kwanza ni saa. Kamera nyingi zinatoka kiwandani na saa za China, ambazo ziko mbele kwa saa 6 kuliko za mashariki mwa Kongo. Umeme ukikatika, nyingine zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Video inayosema wizi ulifanyika saa mbili asubuhi, wakati majirani wote wanasema ilikuwa saa nane ya usiku, inampa wakili wa mshukiwa kazi rahisi. Saa isahihishwe mara kwa mara. Kama haikusahihishwa, isiguswe baada ya wizi: mtu aandike tofauti iliyopo kati ya saa ya kamera na saa ya kweli.

La pili ni kadi. Asubuhi ya wizi, kabla ya kitu kingine, kadi itolewe ili isiandikwe upya. Nakala ifanywe kwenye flashi ao kompyuta, na kadi yenyewe ifungwe katika bahasha yenye tarehe, saa, jina la aliyeitoa na sahihi ya shahidi mmoja, kwa mfano chefu wa avenyu. Nakala iwe ya usiku mzima, si dakika mbili tu za mwizi, kwa maana mshukiwa ana haki ya kuuliza kilichotokea kabla na baada.

La tatu ni WhatsApp. Video ikipita huko inabanwa, sura zinafifia na habari za tarehe zinapotea. Zaidi ya hapo, mashahidi wote wanaiona. Siku ya kutambua mshukiwa, hakuna tena anayejua kama anakumbuka mtu aliyemwona ukutani ao mtu aliyemwona kwenye simu.

La nne ni kufika kwa OPJ na kuhakikisha prose verbali inataja video, nani aliileta na kamera ilifungwa wapi. Kadi isiyoandikwa popote inaweza kupotea bila mtu kuulizwa.

La tano ni mikono. Mwizi aliyekamatwa na kupigwa mpaka kufa haendi kortini. Wanaokwenda ni waliompiga, na mara nyingi video yao ipo pia. Sheria haina jina lingine la kumuua mtu aliyekwisha kukamatwa.

Kwa wasio na kamera, na walioacha nyumba

Familia nyingi zilizohama hazina kamera wala ukuta wa kuifunga. Ziliacha nyumba zikiwa zimefungwa kwa kufuli, na habari zinawafikia kwamba mabati yametolewa, milango imeng'olewa, vitanda vimebebwa. Kwao historia hii ina faida pia, kwa sababu korti haiulizi kamera peke yake. Inauliza: kitu gani kiliibwa, kilikuwa cha nani, na nani anaweza kukitambua?

Simu ya kawaida inaweza kujibu sehemu ya maswali hayo. Picha ya kila chumba, picha ya namba iliyo nyuma ya televisheni, ya friji ao ya jenereta, picha ya fakturi na ya hati ya kiwanja, zikihifadhiwa kwa ndugu aliye mahali salama, zina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekimbia na watoto usiku. Aliyekwisha kupoteza kila kitu anaweza bado kuandika orodha sasa, yenye tarehe na majina ya majirani waliovijua vitu hivyo, kabla miaka haijapita na majirani nao kutawanyika.

Haraka ni kwa ajili ya kumbukumbu, si kwa ajili ya sheria. Kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi miaka 5, kama kuvunja nyumba, linaweza kufuatiliwa Kongo kwa miaka 10 tangu siku lilipofanyika. Katika mahali ambapo parke imefunga milango ao OPJ amehama pamoja na wananchi, muda huo una maana kubwa. Kamera inatunza picha kwa wiki chache. Bahasha iliyofungwa vizuri, yenye tarehe na sahihi ya jirani, inaweza kungoja mpaka ofisi ifunguliwe tena.